Jaji Akibadilika Kesi Ikiwa Katikati

Hotuba kwa wasaidizi wa sheria na wanafunzi wa sheria, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bi Mwenyekiti, masheha mliofika, wasaidizi wa sheria kutoka wilaya zetu zote nne, na nyinyi wanangu mnaosoma sheria, nashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nisizungumzie haki za binadamu kwa ujumla wake, kwa sababu hizo mmeshazisikia mpaka mmechoka. Vyema. Nitashika jambo moja ambalo wengi wenu mmelishuhudia mkiwa mmekaa kwenye mabenchi ya nyuma mahkamani.

Mshtakiwa analetwa siku ya kesi, anainua uso, anamkuta kwenye kiti mtu mwengine. Yule aliyeanza kesi amehamishwa, au amestaafu, au amepandishwa cheo, au anaumwa, au mkataba wake umekwisha, au Mwenyezi Mungu amemchukua. Mashahidi watano wameshatoa ushahidi wao. Karani anaita namba ya kesi. Mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, kesi imekuja kwa kuendelea na ushahidi, shahidi mmoja yupo, tuko tayari." Mheshimiwa mpya anafungua jalada, anaandika tarehe, anasema shahidi aapishwe. Yote hayo hayachukui dakika tano, na mshtakiwa asiye na wakili anabaki ameshika kizimba, hajui kuwa limepita jambo kubwa kuliko lolote litakalotokea siku ile.

Mimi nasema hivi. Hakuna sheria inayomuahidi mshtakiwa kuwa atahukumiwa na mtu yule yule aliyeanza naye. Majaji ni viumbe, wanazeeka na wanakufa. Alichonacho mshtakiwa ni haki ya kuambiwa kwa nini kesi yake imehama, na kuulizwa anataka nini juu ya ushahidi uliokwisha kutolewa, kabla shahidi mwengine hajafungua mdomo. Na jibu lake liandikwe. Haki hiyo ina asubuhi moja tu. Ikimpita akiwa kimya, kuirudisha kunataka rufaa, na rufaa inasikilizwa wakati yeye yumo ndani ya Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, anatumikia.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12(6), inampa kila mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake unapoamuliwa na mahkama. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania imo tangu 1976, una kifungu cha 14 chenye maana hiyo hiyo. Kote huko hamtakuta maneno "jaji yule yule". Mtakuta "kusikilizwa". Basi suali la kujiuliza ni hili: aliyesoma karatasi, amemsikiliza mtu?

Hebu tuzitazame hizo karatasi. Nitatunga mfano, wala msimtafute mwenyewe. Karafuu kavu zimeibiwa barazani usiku, mlinzi amejeruhiwa, kijana wa mtaa wa pili ameshtakiwa kwa unyang'anyi. Jaji mpya anafungua jalada anakuta hivi:

"Shahidi wa pili, mwanamme, Muislamu, ameapa, anasema: Usiku ule nilikuwa barazani nalinda karafuu. Nilimuona mshtakiwa. Kulikuwa na mwanga wa taa ya nyumba ya jirani. Alikuwa hatua kumi. Namjua kwa sura."

Ushahidi umenyooka. Ukiusoma usiku nyumbani kwako na kikombe cha kahawa, huna sababu ya kuutilia shaka. Sasa tuseme nilikuwepo chumbani, na haya ndiyo yaliyotokea. Shahidi aliulizwa mwanga ulitoka wapi. Akasema, "Nilimuona tu." Akaulizwa tena. Akageuka nyuma, akamtazama askari mpelelezi aliyekaa karibu na mlango. Akasema kulikuwa na mbalamwezi. Wakili akamkumbusha kuwa yeye mwenyewe, robo saa nyuma, alisema walikuwa wamefunika karafuu kwa sababu ya mvua. Kimya. Mara ya nne ndipo ikaja taa ya jirani, tena ikaja na "labda" mbele yake.

Vimekwenda wapi vyote hivyo? Havikufichwa na mtu. Mahkama zetu kwa kawaida huandika ushahidi kwa mtindo wa masimulizi: jaji husikia suali na jibu, akaandika jibu peke yake, kama kwamba shahidi alikuwa akisimulia mfululizo. Na kwa miaka mingi ameandika kwa mkono, huku mkono unauma na shahidi anakwenda mbio. Masuali manne yakageuka sentensi moja. Jaji wa mwanzo aliyaona, na siku ya kuandika hukumu angeyakumbuka. Wa pili ni kama mtu aliyehadithiwa mchezo wa ng'ombe: anajua nani alipigwa pembe, hajui ng'ombe aliingia uwanjani vipi.

Mawakili vijana, mnisikilize hapa. Jaji au hakimu anaweza kuandika kwenye kumbukumbu namna shahidi alivyokuwa akijibu. Muombeni aandike. "Mheshimiwa, naomba iandikwe kuwa shahidi amekaa kimya kabla ya kujibu." Wengine watakunja uso, lakini ombi lako limeshasemwa, na siku kesi ikihama, mstari ule mmoja utakuwa na thamani kuliko hoja zako zote za mwisho.

Hata hivyo sipendi tuliabudu hili la kumtazama shahidi usoni. Vitabu vya sheria vinalipamba mno. Mzee wa Makoongwe akiinamisha macho mbele ya Mheshimiwa, hiyo ni adabu aliyolelewa nayo. Jaji asiyemjua atasema anaficha kitu. Na yupo muongo hodari anayekutazama machoni mpaka wewe ndiye unaona haya. Mimi faida kubwa ya kumuita shahidi upya naiona kwengine: jaji atakayehukumu anapata kuuliza. Ile taa ya jirani ilikuwa upande gani? Mlango wake unaelekea wapi? Karatasi haijibu suali.

Na msidhani haya yametoka Ulaya. Mafakihi wetu walikuwa na mlango mzima juu ya barua ya kadhi kwa kadhi. Kadhi wa mji mmoja amesikiliza mashahidi, mdaiwa yuko mji mwengine. Anamuandikia kadhi mwenziwe, naye anahukumu kwa barua ile. Ikakubaliwa, kwa sababu bila hivyo haki za watu zingepotea baharini na safarini. Lakini waliiwekea masharti. Katika madhehebu yetu ya Shafii barua peke yake haitoshi. Wanataka mashahidi wawili wa kuithibitisha. Na katika hudud, pale adhabu inapogusa mwili na shubuha, yaani shaka, hata ndogo inatosha kuizuia, wengi wao waliikataa kabisa. Wazee hawa hawakuwa na haja ya kusoma mikataba ya kimataifa kujua kuwa ushahidi uliosafiri kwa karatasi umepungua kitu, na kwamba adhabu ikiwa nzito, upungufu ule nao unakuwa mzito.

Sheria tulizonazo leo zimepita njia nyengine. Wakati wa himaya ya Uingereza, sheria za India zilitumika hapa Zanzibar, na katika Kanuni ya Mwenendo wa Jinai ya India ya 1898 kilikuwemo kifungu cha 350, kilichomruhusu hakimu mpya kuutumia ushahidi uliochukuliwa na aliyemtangulia. Haishangazi: dola ya kikoloni ilikuwa ikiwahamisha maafisa wake kila mara. Lakini kifungu kile kile kilimpa mshtakiwa haki ya kudai mashahidi waitwe na wasikilizwe upya. Huo ndio uliokuwa mzani wake.

Katika Afrika Mashariki mzani huo haukubaki sawa kila pahala. Kenya, kifungu cha 200 cha sheria yao ya mwenendo wa jinai kinasema wazi kuwa mshtakiwa anaweza kudai shahidi yeyote aitwe tena, na hakimu mpya analazimika kumjulisha kuwa ana haki hiyo. Mahakama yao ya Rufani ilisema mwaka 1985, katika kesi ya Ndegwa, kuwa njia ya kurithi kesi itumike kwa uchache na kwa dharura ya kweli. Tanzania Bara, kile kifungu cha sheria yao ya mwenendo wa jinai ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 214 kinamuachia hakimu mpya: akiona haja atawaita, asipoona ataendelea. Mahkama ya juu inaweza kuibatilisha hukumu ikiwa mshtakiwa ameumizwa vibaya na mabadiliko hayo, lakini hilo ni baada ya maji kumwagika.

Sheria yetu wenyewe ya mwenendo wa jinai, Namba 7 ya 2018, mnayo mezani. Mtaipitia kwa makundi mchana, kifungu kwa kifungu, na sitaki niwaharibie zoezi.

Kitu kimoja nikiseme, kwa sababu rufaa zetu za jinai kutoka Mahkama Kuu huishia Mahkama ya Rufani ya Tanzania, na maneno yake yanatufika na sisi. Katika rufaa ya jinai namba 301 ya 2013 majaji wa rufani walisema kuwa kesi iliyokwisha sikilizwa nusu ikipelekwa kwa hakimu mwengine, sababu ya wa mwanzo kushindwa kumaliza lazima iandikwe. Wakaeleza kwa nini: bila ya hivyo mtu yeyote anaweza kulichukua jalada kwa sababu zake binafsi akaamua, na haki ikaangamia. Someni tena hoja ile. Wengi hufikiri sababu inaandikwa kwa ajili ya utaratibu. Majaji walikuwa wakizungumzia khatari ya mshtakiwa kuchaguliwa jaji wa kumhukumu. Kama jalada linaweza kuhama bila kueleza, basi linaweza pia kuhamishwa.

Tuvuke twende Arusha, maana mifano mikubwa ya jambo hili duniani imetokea ndani ya nchi yetu, kwenye jengo la AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, ilipokuwa ikikaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda.

Kesi ya kwanza ni ile iliyojulikana kama ya Butare, kwa jina la mji wa Rwanda, ilianza Juni 2001. Washtakiwa sita, majaji watatu, mmoja wao Jaji William Sekule wa Tanzania. Mei 2003 muda wa mmoja wa majaji ulimalizika, hakuchaguliwa tena. Mashahidi zaidi ya 20 walikuwa wameshasikilizwa. Mwezi ule ule kanuni ilibadilishwa, ikawaruhusu majaji wawili waliobaki kuendelea pamoja na jaji mpya hata kama washtakiwa hawakubali, mradi wameona ndiyo maslahi ya haki. Washtakiwa wakapinga, wakashindwa. Akaja Jaji Solomy Bossa wa Uganda, akatakiwa kwanza athibitishe kuwa amezipitia kumbukumbu zote.

Kesi ya pili ni ya viongozi wa juu wa zamani wa Rwanda, ile ya Karemera na wenzake. Ilianza Novemba 2003. Mei 2004 jaji aliyeongoza jopo alijitoa, baada ya kubainika kuwa mmoja wa mawakili wa upande wa mashtaka aliwahi kukaa nyumbani kwake. Majaji wawili waliobaki wakaamua kuendelea. Juni 2004 chumba cha rufani kikawarudisha nyuma: mmeamua bila kuwasikiliza washtakiwa juu ya jambo hili. Wasikilizeni kwanza. Wakawasikiliza, wakaamua vile vile kuendelea, na safari hii chumba cha rufani kikaivunja kesi nzima, kwa kuwa mtu wa kawaida angeweza kuona dalili ya upendeleo imewagusa na wao waliobaki. Septemba 2005 wakaanza upya, jopo jipya, ukurasa wa kwanza.

Jengo lile lile, kanuni ile ile, matokeo mbali mbali. Na tazameni tofauti. Butare jaji aliondoka kwa sababu isiyohusu kesi. Karemera sababu ya kuondoka kwake ilikuwa imeshaingia ndani ya kesi. Kwa hiyo mkiuliza "kwa nini amebadilishwa?" msidhani mnafanya umbea. Jibu la suali hilo ndilo linaloamua kama ushahidi wa zamani ni salama.

Kuna tofauti nyengine inayotugusa sisi zaidi. Arusha walikuwa watatu. Akitoka mmoja, wawili waliona na walisikia, wanaweza kumwambia mgeni "hapa shahidi alibabaika". Kwetu hukumu iko mikononi mwa mtu mmoja. Akiondoka, ameondoka na kila alichokiona. Kwa hiyo hoja ya kuwa "hata mahakama za kimataifa zinaendelea" msiikubali kirahisi ikiletwa Chake.

Ulaya kulitokea kituko kikubwa zaidi. Slovenia, hakimu alitamka kuwa washtakiwa wana hatia, akastaafu kabla ya kuandika sababu. Sababu zikaja kuandikwa na mahakimu wengine, kiasi cha miaka mitatu baadaye, watu ambao hawakumuona shahidi hata mmoja. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwaka 2017, ikasema haki ya kusikilizwa imevunjwa. Sioni la kuongeza.

Sasa nigeuze upande, kwa sababu nisipofanya hivyo mtatoka hapa mkidai kila kesi ianze upya, na mtawaumiza wateja wenu.

Kuanza upya kuna bei, na mara nyingi anayeilipa ni mshtakiwa. Shahidi ni mvuvi, amekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, atarudi Mungu akijaalia. Mwengine anatoka Kojani, atapanda mashua, halafu gari, na alipofika mara ya mwisho hakurudishiwa nauli. Daktari aliyejaza fomu ya polisi amehamia Unguja. Tarehe zinasogezwa mwezi baada ya mwezi, na asiye na dhamana anazihesabu akiwa ndani. Sisi Zanzibar tunajua kifungo cha kusubiri kinavyokuwa. Wale wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF walioshtakiwa kwa uhaini, baadhi yao walikuwa ndani tangu mwishoni mwa 1997, mpaka Novemba 2000. Mwezi huo huo Mahkama ya Rufani ilitamka kuwa kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar. Hukumu ya kesi yenyewe haikufikiwa. Miaka wameikaa.

Hata Butare, iliyoendelea bila kuanza upya, hukumu ilitoka Juni 2011, miaka 10 baada ya kuanza. Disemba 2015 chumba cha rufani kikakubali kuwa haki ya kuhukumiwa bila kucheleweshwa ilivunjwa. Waliokuwa na kifungo cha maisha kikapunguzwa kuwa miaka 47.

Kwa hiyo msidai mashahidi wote. Dai shahidi ambaye kesi imesimama juu yake, na useme ni suali gani. Katika mfano wangu wa karafuu, aliyeonesha gunia lilipokutwa hana haja ya kurudi. Mpigapicha hana haja. Shahidi wa pili, wa mwanga, huyo arudi.

Na zipo kesi za udhalilishaji, yaani ukatili wa kingono. Hapa ndipo panaponisumbua, sitawaficha. Mtoto wa miaka 8 ameshasimulia kwa mama yake, kwa sheha, kwa polisi, kwa daktari, na kwa jaji wa mwanzo. Jaji amehama. Tumwambie asimulie tena, mwaka umepita, ameanza kusahau na familia inataka asahau? Wakati huo huo, mara nyingi ni neno la mtoto yule peke yake litakalompeleka mtu kifungoni miaka mingi, na jaji mpya hajamsikia.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo wenzangu humu ndani hawaukubali. Mtoto asirudi kwa kuwa tu jaji amebadilika. Wakili anayemtaka aseme suali gani halikujibiwa, na jaji akiridhika, mtoto aulizwe hilo tu, faragha, mtu anayemuamini akiwa karibu yake. Lakini dawa ya kweli iko nyuma zaidi: kesi ya mtoto isihamishwe kabisa isipokuwa kwa kifo au maradhi. Jaji akipangiwa kwengine, amalize kwanza ile. Na ushahidi wa mtoto urikodiwe sauti na picha tangu siku ya kwanza, jaji ajaye akae aitazame rikodi yote. Tuna simu zinazorikodi harusi kutwa nzima. Sioni kwa nini ushahidi wa mtoto ubakie kwenye karatasi.

Nyinyi wasaidizi wa sheria hamruhusiwi kusimama mahkamani kama mawakili, hilo mnalijua. Lakini mnawatembelea watu ndani, mnakaa na familia zao, na nyinyi ndio mnaosikia mwanzo kuwa "jaji wetu amehamishwa". Basi siku hiyo hiyo nendeni mkamfundishe mshtakiwa maneno machache, ayaseme kabla shahidi hajaapishwa: "Mheshimiwa, naomba kujua kwa nini kesi yangu imehama. Na naomba shahidi wa pili aitwe tena, kwa sababu ya suala la mwanga. Naomba ombi langu liandikwe." Mrudieni mpaka ayaseme bila kukwama. Atakwambieni anaona haya, au anaogopa Mheshimiwa atachukia. Mwambieni mficha uchi hazai. Mheshimiwa akikataa ombi, kukataa kwake kutaandikwa pia, na hicho ndicho wakili wa rufaa atakachokitafuta.

Daftari zenu mnazoandikia tarehe za kesi, ongezeni safu moja: jina la jaji au hakimu wa kila siku. Jina likibadilika, pigeni simu ofisini siku ile ile, msingoje ripoti ya mwisho wa mwezi.

Bi Mwenyekiti, naona mkono wa ndugu yetu wa Micheweni umeinuka tangu nilipotaja watoto, na hautaki kushuka. Tuanze na yeye.